Rosa Mistika na Madaftari Mawili

Muulize mtu yeyote aliyesomeshwa Rosa Mistika darasani, hasa upande wa Tanzania, kitabu kinahusu nini. Atakujibu kabla hujamaliza swali: malezi. Baba mkali alimbana binti yake, binti akafika shule ya bweni, akaonja uhuru, akaharibika, akafa. Funzo: wazazi wasizidishe ukali. Alama tano, swali linalofuata.

Jibu hilo si uongo. Euphrase Kezilahabi mwenyewe amelianika wazi. Lakini tangu tafsiri ya Kiingereza ya Jay Boss Rubin itoke mwaka wa 2025, watu wa rika langu wamerudi kuizungumzia riwaya hii, nami nimerudi kuisoma kwa Kiswahili chake. Kila nikifika mwisho naona jibu la malezi limemsaidia mtu mmoja kutoroka. Si Zakaria. Zakaria tulimshika zamani. Anayetoroka ni Charles, kijana wa watu, mwandishi wa barua.

Kwa ambao hawajaisoma (na nitawaharibia mwisho, lakini kitabu kimepita miaka 50, mtanivumilia): Rosa ni kifunguamimba wa Zakaria na Regina, huko Namagondo, kisiwa cha Ukerewe. Zakaria ni mlevi anayempiga mkewe. Rosa anapata barua kutoka kwa Charles, baba anaigundua, na kipigo anachopata binti hakisahauliki, si kwake wala kwa msomaji. Baadaye anaenda Rosary, sekondari ya wasichana Mwanza. Mwanzoni anawakwepa wavulana kama ugonjwa. Kisha anageuka, na akigeuka anageuka kabisa: wanaume, starehe, jina linalonong'onwa. Anaenda chuo cha ualimu Morogoro, anakuwa na uhusiano na mkuu wa chuo, anatoa mimba. Mwishowe anatulia, Charles anarudi, ndoa inanukia. Charles anagundua kwamba Rosa si bikira, anamwacha. Rosa anajiua.

Riwaya ilitoka mwaka wa 1971, ikichapishwa na East African Literature Bureau, shirika ambalo makao yake yalikuwa hapa Nairobi. Kwa hiyo Wakenya tusijifanye hii ni stori ya majirani. Kitabu kilipitia mlangoni kwetu.

Sasa, turudi kwenye shule zenyewe, kwa sababu bila kuelewa mchezo uliokuwa ukichezwa huko hatuwezi kumwelewa Charles.

Shangazi yangu alikuwa Form 3 mwaka wa 1976, shule ya bweni ya wasichana, magharibi mwa Kenya. Ukimwambia akuhadithie zile enzi, ataanza na nguo: suruali za miguu mipana kama kengele, viatu vya soli nene ambavyo mtu akiteguka ni hospitali, nywele za afro zilizochanwa hadi zikasimama kama mwavuli. Ataendelea na dansi za Jumamosi, wavulana wakiletwa na lori, walimu wamesimama ukutani kama askari. Halafu atafika kwenye barua, na hapo sauti itabadilika.

Barua ilikuwa kazi ya kikundi. Kila bweni lilikuwa na mtaalamu wake, msichana mwenye mwandiko mzuri na maneno matamu, anayewaandikia wenzake kwa malipo ya mkate au sukari. Karatasi ilipakwa poda. Upande wa wavulana mambo yalikuwa yaleyale, wao pia walikuwa na washairi wao wa kukodi. Wakati mwingine, shangazi anasema huku akicheka, mapenzi yalikuwa kati ya washairi wawili ambao hawajawahi kuonana, na wenye majina yao chini ya barua hawakujua hata kilichoandikwa.

Lakini jibu lilipofika, njia zilitengana. Jibu la msichana likifika bweni la wavulana lilisomwa kwa sauti usiku, kama taarifa ya habari. Mwenyewe alisimama kitandani, wengine wakipiga makofi. Jibu la mvulana likifika bweni la wasichana lilifichwa ndani ya godoro, au likasomwa chooni na kuchomwa. Barua ni moja, mapenzi ni yaleyale, maneno pengine yameibwa kitabu kilekile. Kwa huyu ni bao. Kwa yule ni faulo, na kadi tayari iko mfukoni mwa refa.

Hayo ndiyo madaftari mawili ninayoyazungumzia. Tukisema "ushindani wa wavulana na wasichana" tunafikiria timu mbili, uwanja mmoja, sheria moja. Hakukuwa na sheria moja. Mvulana aliandikiwa kwenye daftari la kujumlisha. Msichana aliandikiwa kwenye daftari la kutoa: alianza na alama zote siku aliyozaliwa, na kuanzia hapo kila kitu alichofanya kingeweza tu kumpunguzia.

Hata walipokutana mahali ambapo sheria ilionekana kuwa moja, ile ya pili ilijitokeza. Shangazi alikuwa kwenye timu ya mjadala. Siku moja walipewa hoja kwamba kumsomesha msichana ni kumwagilia shamba la jirani. Wasichana walipinga, wakashinda, tena vibaya. Jioni kukawa na dansi. Wale wasichana watatu waliozungumza hawakuombwa na mtu hata wimbo mmoja. Walishinda mchana, wakanuniwa usiku. Shangazi anasimulia hii kama kichekesho, mimi huisikia kama ripoti.

Na watu wazima walikuwa upande gani? Hebu tuangalie. Mwaka wa 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969, sketi fupi, mawigi na nguo za kubana zilipigwa marufuku Dar es Salaam. Suruali za kubana za wanaume zilikuwemo kwenye orodha, ndiyo, lakini mjadala uliowaka ulihusu mapaja ya wasichana. Mwaka huohuo wa 1969, huku kwetu, Bunge la Kenya lilifuta ile sheria ya mwaka wa 1959 iliyomruhusu mama asiyeolewa kumshtaki baba wa mtoto ili atoe matunzo. Bunge lililoifuta halikuwa na mwanamke hata mmoja. Grace Onyango alikuja kuchaguliwa Desemba ya mwaka huo. Fikiria msichana anayeingia Form 1 mwaka wa 1970. Akipata mimba, shule itamfukuza. Aliyempa mimba ataendelea na masomo, au na kazi yake, na sheria haimdai hata senti.

Kwa hiyo Kezilahabi anapomwandika Rosa hafanyi hadithi ya "msichana mmoja mbaya". Anaandika katikati ya kelele. Na jambo la kwanza analoliona vizuri kuliko wengi ni hiyo barua.

Angalia inavyofanya kazi. Charles anaandika, Rosa anapokea. Aliyetenda ni Charles. Lakini anayepigwa ni Rosa. Kosa lake ni kupokea, kuwa anwani. Darasani tunafundishwa kuuangalia mkono wa Zakaria, na mkono ule kweli unatisha. Lakini kalamu je? Charles alijua anaishi wapi. Alijua baba wa aina gani anakaa katika nyumba ile. Kijiji hakina siri. Aliandika kwa sababu kwake barua haikuwa na bei. Simwiti mtu mbaya, na hapo ndipo ninapotaka tuelewane. Charles ni kijana mzuri. Tena ndiye mvulana mzuri kuliko wote kitabuni. Ndiyo maana ni muhimu zaidi ya Zakaria: ukatili wa Zakaria unaonekana na kila mtu, ila daftari la Charles halionekani hata na Charles mwenyewe.

Jambo la pili ni kile tunachokiita "kuharibika" kwa Rosa. Usomaji wa kawaida unasema kamba ilikazwa mno, ikakatika. Mimi naona kitu kingine. Rosa anapogeuka, anaanza kucheza kwa kutumia daftari la wavulana. Anahesabu. Anabadilisha. Anaacha kabla hajaachwa. Kila anachofanya kingemfanya mvulana wa bweni la jirani kuwa shujaa wa usiku, yule wa kusimama kitandani na kupigiwa makofi. Leo tungemwita mwenyekiti wa timu mafisi. Rosa anajaribu kuona kama bao ni bao hata likifungwa na msichana. Na jibu la dunia ni hapana. Kila anapojumlisha, wao wanaandika kutoa.

La tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu tunalipita haraka: wengi wa wanaume wanaomzunguka Rosa si wavulana. Deogratias ni mtu mzima mwenye kazi yake. Mkuu wa chuo ni mkuu wa chuo, ana ofisi, ana cheo, ana saini inayoweza kubadilisha maisha ya mwanafunzi. Tunasema ni hadithi ya ujana, ya damu kuchemka, lakini hao wenye mvi changa wanafanya nini uwanjani? Kezilahabi amewaweka pale, tena wazi. Ni sisi wasomaji ambao tumekuwa tukiwataja kama "vishawishi", neno zuri sana la kumfanya mtu mzima aonekane kama hali ya hewa. Mvua ilinyesha, Rosa akalowa.

Msomaji wa Kenya hahitaji maelezo marefu hapa. Nilisoma shule ya wasichana mimi pia, sitaitaja. Tulipoenda fanki, mwalimu wa zamu alipima sketi zetu getini kwa rula. Wavulana waliotukaribisha hawakupimwa kitu. Mwalimu huyohuyo, kila mtu kuanzia mono hadi mtahiniwa alijua usikubali akutume upeleke vitabu nyumbani kwake. Onyo hilo tulipeana sisi kwa sisi, bwenini, taa zikizimwa. Hakuna mtu mzima aliyewahi kutuonya. Wenye rula ndio walioshika madaftari yote mawili.

Sasa, tusikipambe kitabu kupita kiasi. Kina mahali kinapoteleza, na panahitaji kutajwa.

Kezilahabi alikuwa kijana alipoandika riwaya hii, na msimulizi wake ana mdomo. Anapenda kuingilia, kushauri, kuhukumu. Anaijua hofu ya Rosa na aibu ya Rosa, lakini mara chache sana anatuambia Rosa alitaka nini. Je, kuna usiku hata mmoja aliofurahi bila bili kuletwa asubuhi? Kuna rafiki aliyempenda kwa dhati, ambaye hakuwa pale kumvuta tu kwenye starehe? Shangazi na wenzake walichomeana barua ili mmoja asikamatwe. Walifichana, walidanganya masista kwa pamoja. Ujanja huo wa pamoja, ambao ndio maisha yenyewe ya bweni, hauna nafasi ya kutosha kitabuni. Wasichana wengi wanapita kama ngazi za kushukia. Kwa hiyo riwaya inaliona daftari la pili, inalichukia hata, lakini wakati mwingine inaandikia humohumo. Inaendelea kupunguza alama.

Angalia na jina. Rosa Mistika, waridi la fumbo, ni moja ya sifa za Bikira Maria katika litania ya Wakatoliki. Mtoto amepewa ubikira kama jina kabla hajaota meno. Nimejiuliza mara nyingi kama Kezilahabi anacheka au anaamini. Nadhani vyote viwili, na hapo ndipo kitabu kinapopata umeme wake. Mwandishi aliyelelewa katika Ukatoliki wa Ukerewe anaiandika hukumu ya kanisa kwa mkono mmoja na kuikatia rufaa kwa mkono wa pili.

Twende kwenye ile hukumu ya Charles. Miaka imepita. Rosa ametubu, kama neno hilo lina maana. Charles anarudi na mapenzi yake, na mapenzi yana sharti. Hapa ningependa tusome polepole, kwa sababu hakuna kofi, hakuna ulevi, hakuna sauti inayopandishwa. Ni kijana mstaarabu, msomi, wa kizazi kipya, anayefanya ukaguzi. Akikuta si bikira, anaondoka. Hakuna anayemuuliza yeye alikuwa wapi miaka hiyo yote, na nani. Swali hilo halina hata safu katika daftari lake.

Zakaria alimpiga Rosa kwa sababu ya barua ya Charles. Charles anamwacha Rosa kwa sababu ya yaliyotokana na kipigo hicho. Mvulana ndiye aliyeanzisha, na mvulana ndiye anayepewa kazi ya kupima hasara. Ukisoma hivyo, baba na mchumba si wapinzani, mmoja wa kale na mmoja wa kisasa. Wanapokezana kijiti.

Kezilahabi anajua kwamba kesi haijaisha, ndiyo maana hawezi kuiachia kaburini. Anaipeleka mbele ya Mungu, ambako Rosa na baba yake wanakutana tena, mashtaka juu ya mashtaka. Kuna wanaoiona sehemu hiyo kama kiraka. Mimi naiona kama sehemu ya ukweli kuliko zote: mwandishi ametafuta duniani kote mahakama inayoweza kumsikiliza msichana huyu, hakuipata. Lakini nani hayuko kizimbani? Ni Zakaria na Rosa, Rosa na Zakaria. Charles hakuitwa hata kama shahidi.

Kilichofuata nje ya kitabu ni kama Kezilahabi alikiandika yeye pia. Riwaya ilipigwa marufuku shuleni Tanzania. Walisema ina mambo ya ngono yasiyofaa kwa wanafunzi. Yaani kitabu kinachohusu msichana anayelipishwa kwa kujua mambo ya watu wazima kilifukuzwa shule kwa kujua mambo ya watu wazima. Baadaye kilirudishwa darasani, kikawa kitabu cha kufundishia, na ndipo lile jibu la malezi likazaliwa na kunenepa.

Wasichana wenyewe walisubiri zaidi. Kenya ilitoa mwongozo wa kuwarudisha shuleni waliojifungua mwaka wa 1994. Tanzania mlango ulifunguliwa rasmi Novemba 2021, chini ya serikali ya Samia Suluhu Hassan, miaka minne baada ya mtangulizi wake kutamka hadharani kwamba hilo halitatokea akiwa madarakani. Kitabu kilitangulia kusamehewa. Na ukitaka kujua kama mwongozo ni kitu kimoja na geti la shule ni kingine, muulize msichana yeyote aliyerudi Form 2 akiwa na mtoto nyumbani.

Najua mtu atauliza: si mambo yamebadilika? Wasichana wanafaulu, mtoto wa kiume ndiye amesahaulika, hata podikasti zinasema hivyo. Nazisikiliza hizo podikasti, kwa uchungu lakini nazisikiliza. Vijana wa rika langu, wapole kwa sauti, wasomi, wakibishana kama mwanamke aliyelala na wanaume kadhaa "anafaa kuolewa". Hawampigi mtu. Wanakagua. Wakiulizwa idadi yao wanacheka, na kicheko hicho kimetoka moja kwa moja kwenye bweni la mwaka wa 1976. Na ndiyo, kuna wavulana wanaoachwa nyuma kweli, wanaolala njaa na kuacha shule, na wanastahili kuandikiwa riwaya zao. Lakini maumivu yao hayatapungua kwa kuendelea kumtolea dada yao alama.

Hii ndiyo sababu nataka tuisome Rosa Mistika upya, na tuisome tukiwa pamoja, wavulana na wasichana chumba kimoja. Tukiisoma kama kitabu cha malezi, kila mvulana darasani anaweza kuketi na kustarehe: mimi si Zakaria, mimi sinywi, mimi sitampiga mtoto wangu. Tukiisoma kama kitabu cha madaftari, kiti kinapata miba. Kwa sababu wengi wetu hatutakutana na Zakaria. Charles tunamjua. Ni kaka yetu, ni rafiki yetu, ndiye aliyetuandikia ujumbe mzuri jana usiku. Anaweza kubadilika. Lakini kwanza mtu amwonyeshe kile alichoshika mkononi, na kitabu cha mwaka wa 1971 kimebaki palepale kikielekeza kidole, miaka yote hii, sisi tukimtazama baba.